Mgonjwa wa kwenye skrini: mwongozo kamili wa uamuzi wa kiuguzi kwa anayejiandaa kufanya NCLEX

Mara ya kwanza nilipofanya NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi Marekani, nilifeli. Nilikuwa na miaka saba ya wodi ya wazazi katika hospitali ya wilaya, akina mama niliowazalisha siwezi kuwahesabu, na dawa zote za kitabuni nilikuwa nazo kichwani. Ripoti ya matokeo ilipofika, sehemu niliyokuwa chini ya kiwango haikuwa dawa wala magonjwa. Ilikuwa usimamizi wa huduma: nani aonwe kwanza, kazi gani apewe nani, daktari aitwe wakati gani. Yaani mambo yale yale niliyokuwa nikiyafanya kila zamu.

Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa. Nilikuwa najibu kama muuguzi wa wodi yangu, wauguzi wawili kwa akina mama arobaini, mtungi mmoja wa oksijeni unaozunguka vitanda vyote. Mtihani ulikuwa unaniuliza habari za hospitali nyingine kabisa. Naandika haya kwa muuguzi wa kwetu, awe Nairobi au Mwanza, au awe tayari Marekani anatunza wazee usiku huku akisoma mchana. Uamuzi unao, umeujenga wodini. Kinachobaki ni kuutoa hatua kwa hatua, kwa mpangilio ambao mtihani unautaka.

Unapimwa nini hasa

NCLEX-RN, yaani NCLEX ya muuguzi aliyesajiliwa (RN), hutungwa na NCSBN, chombo kinachounganisha mabaraza ya uuguzi ya majimbo. Tangu 2015 hutumika pia Kanada. Unafanywa kwenye kompyuta inayokufuata uwezo wako: ukijibu vizuri swali linalofuata huwa gumu zaidi, ukikosa hupungua ugumu. Utapata maswali 85 hadi 150 ndani ya saa 5. Kumi na tano kati ya hayo ni ya majaribio, hayana alama, lakini huwezi kuyatambua. Kompyuta hukatisha mtihani pale inapopata uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu au chini ya kiwango cha kufaulu. Kwa hiyo skrini ikizimika kwenye swali la 85 usishangilie wala usilie, na ukijikuta kwenye la 130 ujue bado uko mchezoni. Swali ukishalithibitisha, huwezi kulirudia.

Tarehe 1 Aprili 2023 mtihani ulibadilika. Sasa kila mtahiniwa hupewa visa vitatu vyenye alama, kila kisa kina mgonjwa mmoja na maswali sita, na chati yake iko wazi pembeni: maelezo ya wauguzi, vipimo vya mwili, maabara, maagizo ya daktari. Maswali hayo sita hufuata mwendo mmoja: kutambua dalili zenye maana, kuzichambua, kupima ni tatizo gani lina uzito kuliko mengine, kutafuta masuluhisho, kuchukua hatua, na kutathmini kama hatua imesaidia. Ukiwa na hatua hizo sita mkononi, hata maswali ya kawaida yaliyobaki yanaanza kufunguka, kwa sababu karibu kila swali la NCLEX linakaa kwenye mojawapo.

Hama kwanza kutoka hospitali yako

Hili ndilo lililoniangusha, basi nalitanguliza. Hospitali ya kwenye mtihani ina kila kitu. Oksijeni iko ukutani, dawa iko kwenye kabati, chumba cha kumtenga mgonjwa kipo, daktari anapokea simu, na mwenzako yuko hatua mbili kutoka ulipo. Swali halikuulizi utafanyaje vifaa vikikosekana. Linakuuliza kipi ni sahihi kwa mgonjwa huyu mmoja, saa hii, ukiwa na kila kitu.

Chukua kifua kikuu. Sisi tumezoea kumsogeza mgonjwa karibu na dirisha, tukafungua madirisha yote, na hiyo ni kinga halisi inayookoa watu. Kwenye mtihani jibu ni chumba cha peke yake chenye mkondo wa hewa usiotoka kwenda korido, mlango umefungwa, na wewe umevaa barakoa ya N95. Surua na tetekuwanga vinaingia kundi hilo hilo la hewa. Mafua makali, kifaduro na homa ya uti wa mgongo ya bakteria ni kundi la matone, kwa hiyo barakoa ya kawaida inatosha. Kuhara kwa bakteria wa Clostridioides difficile ni kundi la mguso: glavu, gauni, na mikono huoshwa kwa maji na sabuni kwa sababu kitakasa mikono cha spiriti hakiui mbegu zake. Hilo la sabuni huulizwa mara nyingi kuliko unavyodhani.

Usidharau ulichojifunza nyumbani. Kiweke tu pembeni kwa saa tano.

Kisa kimoja, hatua zote sita

Tukae na mgonjwa mmoja tumtazame kwa karibu. Nimemtunga mwenyewe, lakini kila muuguzi wa wodi ya wazazi atamtambua.

Mama wa miaka 34 amejifungua mtoto wake wa tano kwa njia ya kawaida, mtoto ana kilo 4.2. Kondo limetoka lote. Ana pumu tangu utotoni. Saa 2:00 asubuhi, saa moja baada ya kujifungua: presha 122/76, mapigo 88, anapumua mara 18 kwa dakika, mji wa mimba mgumu, uko katikati, usawa wa kitovu. Saa 3:00: presha 114/72, mapigo 116, anapumua mara 22, joto 37.6. Mji wa mimba ni laini, uko vidole viwili juu ya kitovu na umeelekea kulia. Pedi imelowa chapachapa ndani ya dakika 15, ina mabonge ya damu. Anatetemeka kidogo, matiti ni laini, maumivu ya msamba anayapa 3 kati ya 10. Anasema kichwa kinamzunguka. Hajakojoa tangu ajifungue.

Kutambua dalili. Swali la kwanza litakuambia uchague yanayohitaji kufuatiliwa mara moja. Hapa mtihani umekuchanganyia pumba na mchele makusudi. Kutetemeka baada ya kujifungua ni kawaida. Joto la 37.6 katika saa 24 za kwanza ni kawaida. Matiti laini siku ya kwanza ni kawaida. Msamba kuuma kiasi hicho ni kawaida. Yanayobaki ndiyo mchele: mji wa mimba laini uliohama, pedi, kizunguzungu, kutokojoa, na mapigo yaliyoruka kutoka 88 hadi 116. Wengi hutazama presha ya 114/72 wakatulia. Usitulie. Presha ya mama mwenye afya hushuka kwa kuchelewa, mwili unaificha hasara kwa kuharakisha moyo. Ndiyo maana chati ina saa mbili tofauti: linganisha safu kwa safu, usisome ya mwisho peke yake.

Kuchambua. Sasa unaunganisha. Mji laini na damu nyingi maana yake misuli haijabana. Mji uliosukumwa kulia na mama ambaye hajakojoa maana yake kibofu kimejaa na kinauzuia mji kubana. Uzazi wa tano na mtoto mkubwa ni mambo yanayolegeza misuli hiyo. Angalia pia kinachopingana: kama mji ungekuwa mgumu na damu nyekundu inachuruzika bila kukoma, ungefikiria kuchanika. Kama kondo lingekuwa na kipande kilichokosekana, ungefikiria mabaki. Mtihani unapenda kukuuliza dalili gani inaendana na tatizo gani, ukitiki kwenye jedwali, na dalili moja inaweza kuangukia matatizo mawili. Mapigo ya haraka yanaendana na kuvuja damu, na yanaendana pia na maambukizi.

Kupima uzito. Mama huyu ana hatari ya maambukizi, ana maumivu, ana hatari ya kuanguka akisimama. Yote ni kweli. Linaloua ndani ya saa moja ni moja tu: kuvuja damu kwa sababu ya mji kulegea, hadi mshtuko. Jiulize kila mara, “Nikiondoka chumbani dakika kumi, kipi kitaharibika kisirudi?”

Jambo dogo hapa: tuliofundishwa kwetu tumekaririshwa nusu lita. Marekani damu inayohesabiwa kuwa tatizo baada ya kujifungua ni lita 1 au zaidi, au damu yoyote inayoambatana na dalili za kupungukiwa, ndani ya saa 24. Pedi hupimwa kwa mizani, gramu 1 ni mililita 1.

Kutafuta masuluhisho. Utapewa orodha useme kipi kinafaa na kipi ni hatari kwa mgonjwa huyu. Kuukanda mji wa mimba, kutoa mkojo, oksitosini kwenye dripu, mshipa wa pili wenye sindano pana, kuandaa damu, kumwita daktari: vyote vinafaa. Halafu katikati ya orodha ipo kaboprosti, dawa nzuri ya kubana mji. Rudi kwenye mstari wa mwanzo wa chati: pumu. Kaboprosti inaweza kubana njia za hewa, kwa hiyo mama huyu hapewi. Angekuwa na presha ya ujauzito, dawa ya kuikataa ingekuwa methilergonovini kwa sababu inapandisha presha. Hapo ndipo swali lilipojificha, na ndiyo maana historia ya mgonjwa haisomwi kwa kuruka.

Kuchukua hatua. “Muuguzi afanye nini kwanza?” Mimi mkono wangu ulikimbilia dripu. Kwetu tunajua mshipa ukishasinyaa hutaupata tena, na kwa muuguzi aliye peke yake usiku hilo si kosa. Tena wenzangu waliofunzwa utaratibu wa E-MOTIVE, uliojaribiwa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na matokeo yake kutangazwa 2023, watasema hatua zote ziende kwa pamoja, na wako sahihi: katika jaribio lile akina mama waliovuja damu kupindukia walipungua kwa asilimia 60. Lakini mtihani unataka kimoja cha kwanza. Jibu ni mikono: mkono mmoja unashikilia chini ya mji, juu tu ya mfupa wa kinena, mwingine unaukanda kwa juu mpaka ugande. Huondoki kitandani, unabonyeza kengele wenzako waje. Kisha kibofu. Na kwa kuwa kichwa kinamzunguka, hapelekwi chooni kwa miguu; ni chombo cha kitandani au mpira wa mkojo.

Utaona chaguo la “mpigie daktari” likikukonyeza. Kanuni ninayoitumia: kama kipo kitu ninachoruhusiwa kukifanya kwa mikono yangu kinachozuia kifo sasa, nakifanya kwanza, kisha napiga simu. Kama nimeshafanya kila kilicho ndani ya leseni yangu, au hakuna ninachoweza kufanya, napiga simu kwanza.

Kutathmini. Saa 3:30 chati mpya inatokea. Mji mgumu, katikati, usawa wa kitovu: imesaidia. Mkojo mililita 45 kwa saa: imesaidia, kwani chini ya 30 ndiyo kengele. Mapigo 94: imesaidia. Lakini ukiona “mama anahangaika, ngozi ni baridi ina jasho”, usiseme ni wasiwasi wa uzazi. Kuhangaika ni ubongo unaoomba damu.

Nani aonwe kwanza

Hili ni swali la peke yake, bila kisa, na litakujia mara nyingi. Umepokea zamu, una wagonjwa wanne. Mzee mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, oksijeni ya damu asilimia 90. Kijana siku ya pili baada ya kutolewa kidole tumbo, maumivu 7 kati ya 10. Mwanamke saa sita baada ya kutolewa tezi la shingo, sauti imekwaruza na anapovuta pumzi unasikia mlio mkali. Mama mwenye kisukari, sukari 240 kwa kipimo cha mg/dL, anasubiri insulini.

Wengi humkimbilia mzee kwa sababu 90 inaonekana ndogo. Kwa mgonjwa wa mapafu sugu, asilimia 88 hadi 92 ndiyo makazi yake. Maumivu siku ya pili yanatarajiwa. Sukari 240 inahitaji insulini, ila haitamuua kabla hujafika kitanda cha pili. Wa shingo ndiye wa kwanza: ule mlio ni njia ya hewa inayofungwa, na ikifungwa hutaipata.

Kwa hiyo hewa kwanza, kisha kupumua, kisha mzunguko wa damu. Lakini hatua hizo tatu peke yake hazitoshi, maana kwenye mfano huu wagonjwa wawili wana tatizo la hewa. Ongeza maswali mawili: Hiki kinatarajiwa kwa ugonjwa wake au hakitarajiwi? Kimeanza sasa au ni cha siku zote? Kisichotarajiwa na kipya kinashinda. Maumivu mara nyingi huja nyuma, isipokuwa yakiwa ni ya kifua, au ya mguu uliofungwa plasta yasiyotulia kwa dawa, vidole vikiwa baridi na ganzi. Hayo ni mzunguko wa damu, si maumivu tu.

Swali likikupa “mchunguze mgonjwa” pamoja na “fanya kitu”, tazama kama taarifa za kutosha zimeshatolewa. Zikiwa hazijatolewa, chunguza. Zikiwa zimetolewa na hatari iko wazi, tenda. Na mtu kwanza kabla ya mashine: kengele ya kifaa ikilia, mtazame mgonjwa.

Kugawa kazi

Kwetu ndugu anamlisha mgonjwa, mwanafunzi anachoma sindano, mhudumu anabadilisha chupa ya dripu. Kwenye mtihani mipaka ni ya chuma, na usimamizi wa huduma ni asilimia 15 hadi 21 ya mtihani kwa mpango wa 2023, sehemu kubwa kuliko zote. Kwa hiyo ikazie.

Msaidizi wa uuguzi, yule wa CNA ambaye wengi wetu tumeanzia hapo tukifika Marekani, humwogesha mgonjwa, humgeuza, hupima presha na joto la mgonjwa aliyetulia, hupima mkojo, humlisha asiye na shida ya kumeza. LPN, muuguzi wa leseni aliye ngazi ya chini ya RN, huongeza dawa za kumeza na sindano nyingi, kufunga vidonda, na kurudia elimu ambayo RN ameshaitoa, kwa mgonjwa ambaye hali yake inatabirika. RN habaki na kazi ngumu kwa misuli, anabaki na kazi ya kichwa: uchunguzi wa kwanza, elimu ya kwanza, mpango wa huduma, tathmini, damu ya kuongezewa, mgonjwa aliyepokelewa sasa hivi, na yeyote ambaye hajatulia.

Mtego wao ni kitenzi. “Pima” anaweza kupewa msaidizi. “Chunguza”, “fundisha”, “tathmini”, “amua” haziwezi. Ukikuta chaguo linasema msaidizi apime presha ya mgonjwa aliyeanza kuongezewa damu dakika tano zilizopita, likatae; dakika 15 za mwanzo ni za RN aliyesimama hapo hapo, kwa sababu ndizo ambazo damu isiyoendana huonyesha rangi yake.

Unapojibu maswali ya maneno

Hapa malezi yetu yanatugharimu alama. Mgonjwa anasema, “Naogopa sitaamka baada ya upasuaji.” Sisi tunasema, “Pole, usijali, Mungu atasaidia, daktari wako ni mzuri.” Kwetu hayo ni maneno ya upendo. Mtihani unayaona kama kumfunga mgonjwa mdomo, kwa sababu umeahidi usichoweza kukitimiza na umeizima hofu yake kabla hajaisema. Jibu lao ni lile linalomwacha aendelee: “Niambie, ni kitu gani hasa kinachokutisha?” Epuka chaguo linaloanza na “kwa nini” kwani linamweka mtu kizimbani, epuka linalotoa ushauri wa binafsi, na epuka linalohamisha mzigo, mfano “muulize daktari”.

Vivyo hivyo kuhusu familia. Kwetu mtoto mkubwa wa kiume huambiwa kwanza, mgonjwa baadaye. Huko mtu mzima mwenye akili timamu ndiye mwenye habari zake na mwenye ridhaa yake. Na mgonjwa asiyejua Kiingereza hutafutiwa mkalimani aliyefunzwa, hata kama binti yake amekaa pale anazungumza lugha zote mbili. Ukitafakari mambo ambayo mama hatayasema mbele ya mwanawe, utaona kanuni hii ina moyo ndani yake.

Majina na namba zilizohama

Dawa huandikwa kwa jina la asili la Kimarekani, si la kampuni. Parasetamoli utaikuta kama asetaminofeni, salbutamoli ni albuteroli, adrenalini ni epinefrini, petidini ni meperidini. Andika orodha ubandike ukutani. Sukari wanaipima kwa mg/dL: zidisha namba yako ya mmol/L kwa 18. Kwa hiyo 5.5 ni 99, na chini ya 70 ni sukari iliyoshuka. Mgonjwa akiwa macho na anameza, mpe gramu 15 za sukari ya haraka, kama nusu kikombe cha juisi, pima tena baada ya dakika 15.

Namba za kulala nazo ni chache kuliko watu wanavyotishana. Potasiamu 3.5 hadi 5.0, na hii ndiyo malkia, kwa sababu ikipanda au kushuka moyo unaguswa. Kamwe haisukumwi moja kwa moja kwenye mshipa. Sodiamu 135 hadi 145. pH ya damu 7.35 hadi 7.45, hewa ya ukaa 35 hadi 45. INR, kipimo cha kuganda kwa damu, kwa anayetumia warfarini kwa kawaida ni 2 hadi 3. Lithiamu 0.6 hadi 1.2, ikizidi 1.5 ni sumu. Kwa magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba namba si kitu kama mwili wenyewe: goti lisiloruka ukiligonga, pumzi chini ya 12, mkojo chini ya mililita 30 kwa saa. Ukiviona, zima dripu kwanza, kisha kalsiamu glukoneti. Hili sisi tunalijua kwa mikono, lijibu kwa kujiamini.

Alama zinavyohesabiwa

Ukielewa hapa utajua lini ubahatishe. Kwenye maswali ya kuchagua yote yanayofaa, kila jibu sahihi linakupa alama moja na kila kosa linaondoa moja, ingawa huwezi kushuka chini ya sifuri. Kwa hiyo usitiki usichokiamini. Swali likitaja idadi, kwa mfano “chagua matatu”, au jedwali lenye jibu moja kwa kila mstari, kosa haliadhibiwi, basi usiache wazi. Na yapo ya sababu na matokeo, ambapo sehemu mbili lazima ziendane ndipo upate alama. Mchoro wa tai, wenye tatizo katikati, hatua mbili kushoto na vitu viwili vya kufuatilia kulia, huanzwa katikati. Ukikosea tatizo, pande zote mbili zinaweza kukupotea.

Tahadhari na maswali yaliyogeuzwa. “Kauli ipi inaonyesha mgonjwa anahitaji kuelimishwa zaidi?” inatafuta kosa, si ukweli. Nilipoteza mengi hapo nikiwa nimechoka, nikichagua kauli nzuri kwa furaha.

Daftari na siku yenyewe

Mara ya pili nilibadili kitu kimoja katika usomaji. Badala ya maswali mia mbili kwa siku nilifanya hamsini, na muda uliobaki nilisoma maelezo ya kila jibu, hata nililopata. Kila swali nililokosa niliandika mstari mmoja: nimeanguka hatua ipi kati ya zile sita? Baada ya wiki tatu daftari lilinionyesha wazi. Kutambua dalili sikuwa na shida. Nilikuwa naanguka kwenye kupima uzito, na hasa pale chaguo mbili zote zilipokuwa sahihi. Basi nikaacha kusoma moyo na figo nilivyovijua, nikakaa na kupanga vipaumbele kila asubuhi kabla ya zamu. Miezi miwili ya namna hiyo ilinitosha. Wewe inaweza kukuchukua zaidi kama umekaa miaka mbali na wodi.

Siku ya mtihani, jina kwenye pasipoti lazima lilingane na jina ulilojiandikishia, herufi kwa herufi. Akina dada walioongeza jina la mume walichunguze hili miezi kabla, si wiki kabla. Karatasi hairuhusiwi, utapewa ubao wa kufutika na kikokotoo kiko kwenye skrini. Mapumziko yapo lakini saa inaendelea kukimbia, hivyo panga: mimi nilitoka mara moja, nikanywa maji, nikanawa uso. Kisa kikikuzidia, soma chati upya kuanzia historia, siyo swali.

Ikitokea hukufaulu, utaletewa ripoti inayoonyesha kila sehemu kama uko juu, karibu, au chini ya kiwango, na kwa kawaida utaruhusiwa kurudia baada ya siku 45. Siku kumi za kwanza lala, pika, piga simu nyumbani. Siku ya kumi na moja fungua ripoti hiyo, anza na sehemu iliyo chini ya kiwango, na uiandike juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari jipya.